Asilimia Kumi na Moja

Kishikwambi changu kina njaa ya ndama wa Kitulo:
usiku kucha kimelala, asubuhi kinalia.

Mimi ni karani wa pareto hapa Matamba.
Maua ya watu, yaliyokwisha kaukia mikekani,
yamo humu ndani, kilo kwa kilo, jina kwa jina,
na kikizima
Enelesi Nkwama hunitazama mikono
kana kwamba nimezificha kilo zake kumi na nne
chini ya kitenge.

Nyumbani nina paneli, upana wake sinia la wageni wawili.
Nimeilaza bati la mbele, nimeihamishia bati la nyuma,
lakini mwezi wa sita jua la huku ni mkwe:
linabisha hodi saa tano,
linakunywa chai bila kuvua koti,
saa nane ukungu umeshalishika mkono, twende.
Nalifuata na kigoda, kutoka ukuta hadi ukuta,
nafuta umande kwa upindo wa sweta.
Jirani anadhani nambembeleza kuku atage.

Kwa kinyozi Lwitiko bei imebandikwa juu ya kioo:
simu, mia tatu.
Kishikwambi hakikutajwa.
Alikipima kwa viganja, akasema, "Hiki ni simu tatu."
Tukabishana, tukafika mia sita,
kikachomekwa ubavuni mwa mashine ya kunyolea.
Ilikuwa Jumamosi, siku ya vichwa vya shule.
Jioni nilikuta vipara ishirini vinang'aa barabarani
na kishikwambi kimeongeza asilimia nne.

Nikashuka Mbeya, nikanunua benki ya umeme Mwanjelwa.
Mgongoni imeandikwa elfu ishirini.
Sisi watu wa viazi tunaijua lumbesa,
gunia lililovimba kichwa kupita kipimo.
Hii ni lumbesa iliyopinduliwa:
jina limevimba, tumbo limepwaya.
Hata hivyo nalala nayo chini ya blanketi,
maana baridi ya Julai inanyonya chaji
kama sakitu inavyonyonya kijani cha viazi alfajiri.

Ijumaa ile orodha ya malipo ilitakiwa kabla ya saa kumi na mbili.
Radi ilikuwa imepiga mnara tangu Jumatano.
Kishikwambi: asilimia mbili.
Obadia Ngailo alikuwa akikaza turubai juu ya Fuso.
"Panda," akasema. "Waya njoo nao."
Katika tundu la kuwashia sigara
akachomeka dude jekundu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kutoka Matamba hadi Chimala kuna kona hamsini na saba.
Sijawahi kuzihesabu kwa pumzi kama siku hiyo.
Kona ya tano, asilimia tatu.
Kona ya kumi na nane, tano, na utingo anaomba Mungu kwa Kiwanji.
Kona ya ishirini na kitu waya ukachomoka;
nikaurudisha, nikaukandamiza kwa kidole gumba
na sikuuachia tena,
breki zikinuka, viazi vikigunaguna nyuma yetu,
Usangu umetandazwa kule chini
na maji ya mpunga yanamweka.

Chimala: kumi na moja.
Mtandao ukaja, vijiti viwili, kisha vitatu.
Nikatuma majina sitini na matatu,
duara likazunguka, likazunguka,
likaandika *imepokelewa*,
na kioo kikawa cheusi, nikauona uso wangu.
Kidole gumba kilibaki na ganzi hadi Jumapili.

Jumatatu Enelesi alikuja kabla sijawasha moto.
Nilitega sikio nisikie asante.
Akafungua fundo la kanga, akatoa simu yake ya tochi.
"Imelia mara moja tu," akasema, "halafu ikazima.
Nadhani ni pesa. Una chaji?"

Benki ya Mwanjelwa ilikuwa tupu. Kishikwambi, tusiseme.
Nikamsogezea kigoda cha pili.
Tukakaa ukutani, paneli katikati yetu,
chai ikichemka,
tukimsubiri mkwe.